Mguu Uliovunjika Bila Mtu Kuanguka

Nyinyi mnaotoka chuoni na makoti meupe yaliyopigwa pasi, sikilizeni jambo moja kabla hamjashika mguu wa mtu. Mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo anaweza kuvunjika paja asubuhi, akanywa chai, akapiga gumzo na wageni mchana kutwa, na asijue. Akijua, huenda asiseme. Jamaa zake wakijua, hao ndio hawasemi kabisa. Kwa hiyo katika kazi yetu kushuku si tabia mbaya. Ni kifaa cha kazi, kama ile nyundo ya kupimia goti, na mimi nilikuwa nacho kikali kuliko mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi hii kati ya Homa Bay na Migori.

Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Mimi ni mtoto wa Ndhiwa. Nilikwenda Nairobi kufagia wodi. Vitabu vya kidato cha nne nilivisomea kwenye chumba cha kuwekea mifagio, nikafanya mtihani bila shule, nikapita, nikaingia chuo cha utabibu, nikatoka na diploma ya fiziotherapia. Hakuna mjomba aliyenipigia simu mahali. Diploma hiyo iko sebuleni kwangu ndani ya fremu ya kioo, na kiti cha wageni nimekiweka mkabala nayo. Anayekaa lazima aisome.

Kabla ya kurudi nyumbani nilifanya kazi Nairobi katika wodi ya watu waliovunjika uti wa mgongo. Msimamizi wake alikuwa sista mmoja wa Kitui, mama mnene, mpole wa sauti, asiyeamini kitu chochote alichoambiwa. Ukimwambia mgonjwa amegeuzwa, anakwenda kugusa shuka upande wa pili kuona kama bado lina joto. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mfupa huishi kwa kubebeshwa mzigo. Mtu akiacha kusimama, mwili unauona mfupa wa mguu kama ghala lisilo na kazi, unaanza kuchukua chokaa yake kidogo kidogo na kuipeleka nje kwa mkojo. Kwa nje paja ni paja. Kwa ndani limekuwa ganda. Linaweza kuvunjika mtu akivalishwa suruali kwa haraka, au akihamishwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti huku mguu umenaswa na blanketi. Na kwa kuwa habari za maumivu hazipandi tena hadi kichwani, hakuna wa kupiga kelele.

Nilirudi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wenzangu wa Nairobi walicheka, wakasema nakwenda kukanda wavuvi. Hata Homa Bay kwenyewe watu waliniita mtu wa kukanda, mpaka nilipoanza kuwasimamisha waliokuwa wameshaandaliwa kufa. Baada ya hapo wakaniita daktari. Sikuwasahihisha, na wala sijioni na kosa.

Kazi ilikuwa nyingi. Machimbo ya dhahabu ya upande wa Nyatike yalituletea watu walioangukiwa na udongo, na malori ya miwa ya Migori yalituletea waliokuwa wamekaa juu ya mzigo. Huko Migori niliwahi kuitwa kumwona mzee mmoja wa namna hiyo, aliyepooza miguu. Alikuwa amevunjika chini ya goti, na kijana wa zahanati moja akampiga plasta ngumu kuanzia kinenani hadi vidoleni, kazi safi kabisa ya kitabu. Nilipofika mlangoni nikasimama. Nilinusa. Kijana akaniambia ni samaki wa jirani. Nikaomba msumeno wa plasta, nikaikata, na kisigino cha yule mzee kilikuwa kimeoza hadi kwenye mfupa. Plasta ngumu kwenye ngozi isiyohisi ni sawa na kumfunga mtu mdomo kisha umkanyage. Mgonjwa wa namna hii akivunjika, tumieni mto. Mkunjieni mto laini kuzunguka mguu, fungeni kwa bendeji pana, fungueni kila siku mtazame ngozi. Mfupa wenyewe utaunga. Ukiunga umepinda kidogo, hatembei, hana shida nao. Ngozi ndiyo itakayomuua.

Na msinyooshe goti lililokakamaa kwa nguvu. Niliwahi kuletewa mwanafunzi mwenye mikono kama ya mpiga makasia wa kisiwa cha Takawiri, akakuta goti la mgonjwa limekataa kunyooka, akaanza kujipanga kulilalia. Nilimwambia atoke nje akasukume gari la wagonjwa, lilikuwa halina betri na lilihitaji mtu wa aina yake.

Sasa niwaambie habari za Owuor.

Owuor alikuwa mchimbaji. Shimo lilimwangukia, akapooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Nilimfundisha mwenyewe kukaa, kujivuta kitandani na kuendesha kiti cha magurudumu. Mkewe aliitwa Boke, Mkuria wa kutoka Kehancha, walikutana sokoni Migori zamani za dhahabu; mumewe alimwita Mama Onyango, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Nyumbani kwao, ng'ambo ya Ndhiwa, Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumba kwa sababu Boke hakukijua Kijaluo vizuri, na wakwe zake walikuwa wamehakikisha hatakijua kwa kumcheka kila alipojaribu. Miaka yote hiyo Owuor hakuwahi kuwa na kidonda hata kimoja. Msinielewe vibaya, mafundisho yalikuwa yangu. Lakini mikono ilikuwa ya Boke.

Siku moja kaka mkubwa wa Owuor, Ogola, akamleta hospitalini kwa pikapu. Owuor alikuwa na homa. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitishwe vingine, kwa hiyo tabibu aliyekuwa zamu akaandika dawa ya malaria. Kesho yake homa iko palepale. Nikaitwa. Nikafanya kile sista wa Kitui alichonifundisha: mgongo wa mkono juu ya paja la kulia, kisha la kushoto. La kushoto, juu kidogo ya goti, lilikuwa la moto na nene. Tabibu akasema jipu. Nikasema apigwe picha. Akasema filamu ni chache. Nikamuuliza kama angependa nimwandikie kwamba amekataa. Picha ikapigwa.

Paja lilikuwa limevunjika. Mfupa wenyewe ulionekana kwenye filamu kama mstari wa penseli uliofutwa nusu.

Nikamuuliza Boke kama mumewe ameanguka. Akasema hajaanguka. Nikauliza kama kuna mtu amembeba vibaya. Hapo akamtazama Ogola, na Ogola akatazama dirisha. Nikauliza tena, akasema, "Mimi namgeuza vile ulinifundisha, Daktari." Jibu zuri, ila si la swali nililouliza.

Nilimshuku. Nasema wazi na siombi msamaha, maana kazi ilinitaka nimshuku. Mwanamke amechoka, mume ni mzito, hakuna wa kumsaidia, mkono unaweza kuponyoka au hasira ikapanda. Ogola naye alinivuta pembeni ya wodi na kuniambia kwamba yeye hashangai, wanawake wa kule wanapiga waume zao wazima, sembuse aliyelala.

"Ulimwona akimpiga?" nikamuuliza.

"Daktari, nani mwingine anagusa ile miguu?"

Nikaanza kumshuku na yeye. Mtu anayekuletea jibu kabla hujamaliza kuuliza, mwangalieni vizuri.

Kesho yake nikamwambia Boke amgeuze mumewe nikiwa nimesimama mlangoni, nikijifanya nasoma chati. Mkono mmoja chini ya goti, mwingine chini ya kisigino, mguu na nyonga vikaenda pamoja kama gogo moja. Hata nilipomharakisha kwa makusudi, nikasema gari linaondoka, hakubadilisha mwendo. Mtu anayedanganya mbele ya mwalimu husahau akiharakishwa. Yeye hakusahau.

Kisha nikaitazama picha tena. Mfupa uliopigwa huvunjika kwa kukatwa, kama kuni. Huu ulikuwa umevunjika kwa mzunguko, ufa umeuzunguka kama uzi. Ufa wa hivyo huja pale mguu unapokwama chini na mwili wa juu ukageuka. Kwa mtu anayelala na kukaa, mguu unakwama wapi?

Nikashuka hadi kwenye nyayo. Nyayo za mtu asiyetembea huwa laini kama za mtoto mchanga. Unyayo wa kulia wa Owuor ulikuwa hivyo. Wa kushoto ulikuwa umekwaruzwa, na ndani ya kucha ya kidole kikubwa kulikuwa na udongo mwekundu uliokandamizwa. Niliufunga mguu kwa mto, nikamwambia Owuor nitamtembelea nyumbani, na nikamtazama usoni nilipokuwa nikimwosha kucha. Akafumba macho.

Haikupita muda mrefu nikasikia kwa muuguzi mmoja wa Ndhiwa kwamba Ogola ameita wazee. Wanataka Boke arudishwe kwao. Nyinyi mnaweza kuona hilo ni jambo la ukoo, si la hospitali. Mimi niliona kidonda. Nilikwishawaona wanaume kadhaa walioachwa na wake zao baada ya kupooza: ndugu wanakuja kwa zamu, zamu zinachelewa, ngozi ya makalio inafunguka, na kabla ya mahindi kuvunwa mtu ameoza na kufa. Boke akiondoka bila mtu wa kushika mahali pake, Owuor alikuwa anakwenda kaburini. Nikachukua ile filamu, nikaomba pikipiki ya hospitali, nikaenda.

Nilichokikuta kilinijibu nusu ya swali. Owuor hakuwa tena kwenye boma la marehemu baba yake. Alikuwa na boma lake jipya, nyumba ya udongo mbichi bado, na udongo wa pale ni mwekundu kama pilipili. Mnaojua desturi ya Wajaluo mnajua: mwanamume hahamishiwi tu mahali papya. Huondoka alfajiri na mwanawe wa kwanza akiwa na shoka, mkewe akiwa na moto, mzee wa ukoo akiongoza, na mwenye boma ndiye anayechimbia mti wa kwanza kwa mikono yake. Nyumba hujengwa siku hiyo hiyo. Na kama kuna jambo limeharibika katika shughuli hiyo, watu wanaogopa chira, ule ugonjwa wa kudhoofika unaofuata mwiko uliovunjwa, na mti huweza kung'olewa.

Wazee walikuwa wamekaa nje. Owuor alikuwa kitandani mwake karibu na mlango, ameinuliwa kwa mito ili asikie. Boke alikuwa amesimama peke yake karibu na jiko. Ogola alikuwa akizungumza. Aliponiona alinikaribisha kwa adabu nyingi kuliko kawaida, na hilo nikaliweka akilini.

Niliomba ruhusa ya kusema. Nikainua filamu kuelekea mbinguni, wazee wakasogea. Nikawaambia nilivyowaambia nyinyi, kuhusu ghala na chokaa. Nikawaonyesha ule ufa. Nikasema mguu huu haukupigwa. Mguu huu ulisimamishwa, unyayo ukakwama kwenye udongo, na mwili ukageuka juu yake. Unyayo ulikuwa na alama. Kwenye kucha kulikuwa na udongo ninaoukanyaga sasa.

"Nani alimsimamisha?" nikauliza.

Baba mdogo wa Owuor, aliyeongoza shughuli, akakohoa na kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Ogola akasema mtu hawezi kuanzisha boma akiwa amekaa kama mwanamke anayepepeta mtama, kila mtu anajua hivyo, na kwamba kama walimshika kwapani kidogo, walimshika vizuri, hakuanguka.

"Sijasema alianguka," nikamwambia.

"Basi mwulize mwenyewe kama tulimuumiza."

Ndipo Owuor akasema kutoka ndani, "Mwacheni Mama Onyango. Hakunigusa. Nilivunjika nikiwa nimeshika mti."

Kila mtu akageukia mlango. Ogola akamwambia hawezi kujua, miguu yake haisikii.

"Miguu haisikii. Masikio yanasikia. Mlikuwa mnanigeuza nishindilie upande wa pili, pakalia, kama ukuni mkavu. Mlikuwa mnaongea, hamkusikia."

Mpaka leo sina hakika kwamba Ogola hakusikia. Pale palipojengwa nyumba ndipo alipokuwa akilima miwa. Namshuku, na ameshakufa, na bado namshuku.

Boke aliacha jiko akaja hadi mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Ulijua siku ileile?"

"Nilijua."

"Na hospitalini, kaka yako akisema nakupiga, hayo pia uliyasikia?"

"Niliyasikia."

"Ukanyamaza."

"Mti ulikuwa umeshaingia ardhini, Mama Onyango. Ningesema, wangeung'oa. Tungerudi kule nyuma ya nyumba ya Ogola, na wewe ungekuwa mgeni tena mpaka uzeeke. Nilidhani maneno yatapita."

Yule baba mdogo akainuka akatazama mti wa kwanza, akaugusa kwa fimbo, akatazama wenzake. Walizungumza Kijaluo kwa muda. Kisha akasema mti umeshika, aliyeupanda ni mwenyewe, na damu haikumwagika. Boma limesimama. Wala hakuna mtu atakayerudishwa kwao. Akamwambia Boke, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwamba wamemkosea na kwamba sasa hakuna anayemfukuza.

"Ndiyo maana naweza kwenda," Boke akasema.

Nilijaribu kuingilia. Nilisema mgonjwa, nikasema ngozi. Aliniambia, "Wewe pia ulisimama mlangoni ukaniangalia kama mwizi, Daktari. Karatasi yenyewe ulikuwa umeishika juu chini." Wazee walicheka. Mimi sikucheka, lakini alikuwa ameona vizuri.

Kisha akamwita Ogola. "Shemeji, njoo." Ogola akaenda, maana wazee walikuwa wanatazama. Boke akamshika mikono yake yote miwili, akaiweka: huu chini ya goti la Owuor, huu chini ya kisigino. Akamrudisha tena, na tena, mpaka yule bwana mkubwa wa ukoo akaanza kutoka jasho. Alipoona anaweza, Boke alifunga nguo zake kwenye leso, akawachukua watoto, akaenda zake Kehancha. Hakusema atarudi lini, wala kama atarudi.

Hapo ndipo kazi yangu ya kushuku ilipopata mshahara wake. Nilikuwa nafika pale bila kusema siku. Asubuhi, mchana, siku ya soko, siku ya kanisa. Namkuta Ogola akinung'unika kwamba mgongo unamuua, kwamba Owuor ni mzito kama ng'ombe aliyekufa, kwamba kazi hii si ya mwanamume. Nagusa shuka kwa upande wa pili. Lina joto. Nafungua mto, naukagua mguu. Mfupa ulikuwa unaunga, umefanya donge kubwa na kupinda kidogo kwa nje, lakini unaunga. Owuor alikuwa haongei sana. Aliniuliza kila mara kama nimepita Migori, na kama barabara ya Kehancha inapitika. Nilimjibu kuhusu barabara.

Siku moja nilimkuta Ogola amesimama nje, mikono nyuma, kama mtahiniwa anayengoja kuitwa. Boke alikuwa ndani. Watoto walikuwa uani. Furushi lilikuwa bado kichwani mwake, na hakuwa amemsalimia mtu. Alilishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akafunua shuka. Akamwambia Ogola amgeuze. Ogola akamgeuza, goti na kisigino, polepole. Boke akainama akatazama mgongo. Akatazama makalio, nyonga, vifundo. Owuor alikuwa amelaza uso kwenye mto, anapumua tu.

Kwenye kisigino cha kushoto kulikuwa na wekundu, mdogo kama punje ya hindi. Mimi sikuwa nimeuona juma lililopita, nadhani haukuwapo. Mnajua kipimo chake: ubonyeze kwa kidole, uachie, utazame. Ukibaki mwekundu chini ya kidole, ngozi hiyo imeshaanza kufa. Ukiwa mweupe, imepona.

Boke akaweka kidole. Ogola akasogea. Nami nikasogea, na diploma yangu yote. Akabonyeza, akaachia.

Pakawa peupe. Kisha damu ikarudi.

Akatua mzigo.